Herufi za Kiyunani na Mwimo wa Kulia

Yuko ngamia mmoja ambaye hadi leo hajanitoka kichwani, na kwa kuwa kila nikitaka kueleza habari ya zile karatasi za maji huja yeye kwanza akasimama njiani, afadhali nimpitishe yeye mbele.

Alikuwa ngamia wa kinu cha ufuta, nyuma ya nyumba ya bibi yangu mzaa mama. Asubuhi alifungwa kitambaa machoni, akafungwa na mti mrefu ulioshika mchi, akaanza kuzunguka. Mimi nilikuwa nikipanda darini na bibi, yeye akianika pilipili na mimi nikitazama chini. Ukimtazama ngamia kutoka juu humwoni ngamia. Unaona duara ardhini, na mti umelikata katikati. Basi siku moja kile kitambaa kililegea kikaanguka. Nikashika ukingo wa dari kwa mikono miwili, nikajua sasa patakuwa na kazi, huyu atavunja kinu, atapita sokoni, watu watakimbizana. Ngamia akasimama. Akatazama ukuta, akatazama mchi, akatazama ile njia yake ya duara iliyochimbika kwa nyayo zake mwenyewe. Akakojoa kwa kirefu. Kisha akaendelea kuzunguka, macho wazi, bila ya kuambiwa na mtu.

Bibi alicheka hata akakaa kitako juu ya pilipili. Mimi sikucheka. Nililala nikiwa na hasira na yule ngamia, na kwa siku nyingi nikipita pale nilimtupia kijiwe kidogo, si cha kumuumiza, cha kumwambia tu kwamba nilimwona.

Nilipokua kidogo nilitiwa chuoni kusoma Kurani, nikakaa hata nikaweza kusoma pole pole kwa kidole, kisha mwalimu akamwambia mama kwamba mtoto huyu kichwa chake si kibaya ila hakai. Kweli sikuwa nikikaa. Nikapelekwa kwa mjomba, mtaa wa Ndia Kuu, fundi wa kuchonga milango. Mama aliona kwamba kazi ya kuchonga itanifunga, maana huwezi kuchonga huku unatembea. Hizi herufi za Kizungu ninazoandikia sasa nilijifunza ukubwani, nikiombaomba kwa huyu na yule, kwa hiyo msomaji akikuta pahala pamepinda apite tu.

Mjomba alikuwa na vibao viwili vya kukalia, vya mvule, vimelainika kwa makalio ya baba yake na ya babu yake. Kimoja chake, cha pili akanipa mimi. Hakuwa na mtoto wa kiume. Kila mtu mtaani alijua kwamba nikitulia duka ni langu, na kila mtu alinikumbusha. Nami nilikuwa kijana wa kumea ndevu, na miguu yangu inawasha. Reli ilikuwa imeshafika ziwani wakati huo. Watu walikwenda wakarudi na habari za baridi inayoganda kwenye majani, na za maji makubwa yasiyo na chumvi wala ng'ambo. Nilikuwa nikisikia firimbi ya gari la moshi nikiwa na patasi mkononi nachonga ua la mlango, na patasi inateleza. Mjomba husema, bila ya kuinua uso, "Huyo keshapita. Rudi kwenye ua lako."

Siku nyingine akiniona nasimama bila ya sababu huniuliza kama kibao kina kunguni.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja karani mchoraji. Alikuwa Mhindi wa Gujarati, mwembamba, mpole, miwani yake imefungwa uzi sikioni, kazi yake kuchora karatasi za bwana mpimaji aliyekuwa akipima kina cha maji upande wa Liwatoni. Alipiga hodi, akasabahi kwa adabu, akauliza hali ya mjomba na ya nyumba na ya afya, na mjomba naye akamuuliza vilevile, hata kahawa ikanywewa. Kisha akaweka chini kisanduku cha shaba.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na vibati vyembamba, kila kimoja kimetobolewa umbo la herufi. Unaweka kibati juu ya karatasi, unapitisha wino, unaondoa, herufi imekaa, nene, sawa kama mwenziwe. Za Kiingereza zilikuwamo zote na tarakimu zote. Lakini bwana mpimaji alitaka karatasi kubwa mbili za kutundikwa ukutani, wakubwa wanakuja kwa meli kuziona, na kwenye karatasi hizo palitakiwa herufi za Kiyunani na alama za hesabu. Kisandukuni hazimo. Alijaribu kuziandika kwa mkono, akasema, na kila moja ilitoka na sura yake, kama watoto wa mama mmoja na baba mbalimbali. Mjomba akacheka hapo, akampenda.

"Wayunani nawajua," mjomba akasema, "matabibu wetu wa zamani walikuwa wakiwasoma. Lakini herufi zao zataka nini kwenye maji yetu?"

Karani akaeleza kwamba watu wa hesabu hawapendi maneno marefu, kwa hiyo kila kitu wamekipa herufi yake. Mjomba akaona ni jambo la haki. Sisi wenyewe hutia alama ndogo nyuma ya kila kipande cha mlango, kujua kipi kinaingia wapi, na asiye fundi akiziona hatambui kitu.

Namna ya kufanya ilikuwa yetu ya kila siku. Ukitaka ua litokee sawa juu ya mbao, unalichora kwenye karatasi ngumu, unalitoboa kwa sindano kufuata mstari, vitundu vidogo vidogo karibu karibu. Kisha unatia unga wa makaa katika kitambaa, unakifunga kama kitonge, unakipigapiga juu ya karatasi. Unga unapita vitunduni. Ukiondoa karatasi, ua limelala juu ya mbao kwa nukta nyeusi, linangoja patasi. Kwa karani, badala ya patasi, tutafuata nukta kwa wino. Mjomba alisema mwenye mkono wa kutulia kwa wino ni mimi, mkono tu, hakusema mwili.

Karani alikuja akanichorea herufi na kunifundisha majina yake. Nilizipenda, sijui kwa nini. Ya kwanza ilikuwa duara lililokatwa katikati, na nilipoiona nilimwambia huyu ni ngamia wa kinu, akanitazama kama mgonjwa. Akasema ni theta, alama ya pembe katika hesabu. Delta ilikuwa sambusa. Fi ilikuwa yai lililopitishwa kijiti. Eta, kigoda ambacho mguu wake mmoja umerefuka, na hiyo ndiyo urefu wa maji mtini, maana kule baharini walisimamisha mti wenye alama. Sigma, kitanda kilichosimamishwa kwa ubavu, kazi yake kujumlisha. Na kapa, ambaye kwangu alikuwa mtu amesimama wima akirusha teke mbele.

Kapa nilimuuliza zaidi. Karani akasema, mwezi ukipita juu ya kichwa, maji hayafiki kilele chake saa ile ile. Yanachelewa. Kule kuchelewa kwa maji nyuma ya mwezi ndiko kunakoitwa kapa. Nikamwambia wavuvi wote wanajua maji yanachelewa. Akasema ndiyo, lakini hawakuiandika habari hiyo. Hatukubishana.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mke wa mjomba alizikuta zile karatasi zilizotobolewa zimeanikwa ukumbini, herufi moja moja, hazikushikana, hazifanyi neno. Kwetu herufi zilizokaa hivyo, kila moja peke yake, si za barua. Ni za hirizi. Akaniuliza nani ninamfungia. Nikamwambia ni za kupima maji, akasema maji yanapimwa kwa kata. Akatia ubani chumba kizima, na karatasi zangu akazitoa nje kwa ncha ya ufagio. Tangu siku hiyo nikazilaza dukani, na majirani wa barazani wakanipata. Nikipita mmoja huniambia, "Mganga wa Wazungu, niandikie na mimi, mke wangu hanisikii." Nikamwambia alete kwanza mke tumuulize kama ana la kusikia.

Basi. Siku moja karani alinivuta pembeni, mjomba akiwa msikitini. Aliniambia bwana mpimaji, wakubwa wakishaziona karatasi, atapanda gari la moshi kwenda kupima maji ya ziwa, na atachukua mtu mmoja wa kumwandikia herufi huko. Yeye karani hawezi, kifua chake hakitaki baridi.

"Nimemtajia wewe," akasema. "Karatasi hizi mbili zikimpendeza, utakwenda. Zikimchukiza, mimi sina la kusema."

Nilirudi kwenye kibao nikashindwa kula. Nilikuwa nimeomba njia ya kutoka mjini hata kwa kubeba mizigo, na sasa njia imekuja kwa wino. Sikumficha mjomba, sikuwa na uwezo wa kuficha kitu, uso wangu husema kabla yangu. Alisikiliza, akapuliza vumbi la mbao kwenye ua alilokuwa akichonga.

"Kule ziwani kuna milango?" akauliza.

Nikasema sijui.

"Basi hujui hata kama kuna nyumba," akasema, akaendelea kuchonga.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi. Karani alishachora mstari wake, unapanda na kushuka kwa vilima virefu, na kwa kalamu ya risasi alikuwa ametia alama pahala pa kila herufi. Nilipigapiga unga, nikapitisha wino, sikupumua. Ilipokauka nikaifuta makaa kwa unyoya wa kuku. Ilikuwa safi hata karani akaigusa kwa kidole kuona kama si chapa.

Ya pili ilikuwa ya maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, vilima vyake vifupi, vimechoka. Hiyo karani alichora mstari, lakini kabla hajatia alama za risasi homa ikamlaza. Akanitumia habari kwamba meli imekaribia, nimalize mwenyewe, na kwamba zitatundikwa kando ya mlango wa ofisi, moja kushoto na moja kulia.

Sasa nisikilize hapa. Mtu aliyekulia katika milango, ukimwambia kitu kimoja kinakaa kushoto kwa mlango na kingine kulia, umeshamwambia kila kitu. Hiyo ni miimo miwili, zile mbao za kusimama za pande mbili za mlango. Na mwimo wa kulia haufanywi kama wa kushoto. Unafanywa ukitazamana nao. Ua la huku likiinamia ndani, la kule nalo liiname ndani, yasalimiane, ndipo nyumba iwe na heshima. Ukichonga miimo yote ikitazama upande mmoja, mwenye nyumba atakurudishia mbao na mtaa utakutafuna mwaka mzima. Hatuchori mara mbili. Ile karatasi ya vitundu tunaigeuza tu, uso chini, tunapigapiga tena.

Nikaigeuza. Hata sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Herufi zilizokuwa ukingo wa kushoto nikazipeleka ukingo wa kulia. Kapa wa kwanza alikuwa akipiga teke kuelekea mlangoni, na kapa wa pili naye kuelekea mlangoni, wawili wanatazamana kama mabawabu. Sigma mbili zikafunguka moja kwa mwenziwe. Theta na delta na fi hazikujali, ziko sawa pande zote, na kama zingekuwa hizo peke yake leo ningekuwa na habari nyingine ya kueleza.

Mjomba alisimama juu yangu nilipozilaza zote mbili sakafuni na nafasi ya mlango katikati. Mtu huyu hakuwa akisifu, kazi nzuri aliita "haina neno".

"Hizo sasa ni miimo," akasema. Na sauti yake haikuwa ya mtu anayefurahi, kwa kuwa alijua karatasi nzuri zitanichukua.

Nikazikunja, nikazibeba hadi ofisini Kilindini kwa miguu, karibu kukimbia. Karani alikuwa ameinuka siku hiyo, bado amejifunga shali. Bwana mpimaji alikuwapo, mtu wa ndevu nyekundu, Kiswahili chake cha bara lakini kinaeleweka. Wakazitundika. Nilisimama katikati ya chumba nikizitazama, na wallahi zilipendeza.

Karani ndiye aliyeona kwanza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Rangi ikamtoka. Bwana mpimaji akaona baadaye, akasogea hata pua ikagusa karatasi.

"Huyu amegeuka," akasema, kidole juu ya kapa. "Na huyu. Na huyu. Kwa nini?"

Nikamweleza habari ya mwimo. Nilieleza vizuri, nikaonyesha kwa mikono miwili jinsi maua yanavyoinamiana. Alinisikiliza hadi mwisho, na alipofahamu alicheka kwa moyo, akaenda akasimama mlangoni akatazama kushoto na kulia, akacheka tena. Sikuona dharau. Ingekuwa dharau ningejua la kufanya.

Kisha akazungumza na karani kwa Kiingereza, kwa muda, na karani akanitafsiria ingawa nilikuwa nimeshaliona neno usoni mwao. Mkono wangu bwana ameupenda, hajapata kuona mkono kama huu. Lakini ninaandika nisichokijua, na kule ziwani hapatakuwa na mtu wa kunisahihisha. Kwa hiyo sitakwenda. Nitakaa hapa, karibu na karani, nijifunze kila alama na maana yake na upande wake. Kazi ni ya kudumu. Meza ile pale dirishani ni yangu tangu leo.

Karani alifurahi kwa dhati. Alinishika bega, akaniambia wengi wamekuja kuitaka meza hii. Akanifutia kiti kwa ncha ya shali yake.

Adhuhuri nilikwenda kula nyumbani nikamweleza mjomba. Mkewe alishukuru Mungu kwa sauti. Mjomba alitafuna, akameza, akanywa maji.

"Meza yao na kibao changu," akasema, "makalio ni yale yale. Chagua ubao, mwanangu. Mimi sikasiriki."

Nadhani alisema kweli, hakukasirika. Alinisogezea kichwa cha samaki, ambacho siku zote alikula yeye.

Alasiri nilirudi ofisini. Karani alishatandika karatasi mpya ya maji mafu, mstari umechorwa upya, alama za risasi zote zimetiwa ili nisipotee. Nikaketi. Nikapigapiga unga, safari hii karatasi ya vitundu ikiwa uso juu. Dirishani palionekana ule mti wao wa alama, umesimama majini, na maji yanapanda alama moja moja. Kapa wangu wote walirusha teke upande mmoja. Nilimaliza. Karani akainama, akaitazama herufi kwa herufi, akasema hapana hata moja ya kurudia.

Akaiondoa polepole, akatandika nyingine pahala pake. Akaniambia hii ni ya mwezi uliopita, na kwamba kabatini ziko za miezi yote ya nyuma, na zitakuja za mbele, kwani maji hayaachi kupanda na kushuka alhamdulillahi, kwa hiyo kazi haitatupungukia mimi na yeye. Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayekuonyesha ghala limejaa mpunga.

Nikatazama kiti. Nikatazama karatasi. Nikaweka kalamu juu ya kisanduku cha shaba, wino ukiwa bado nchani, nikasimama.

"Wenda wapi?" karani akauliza.

"Naja, bwana karani."

"Usikawie, wino utakauka."

Nikatoka. Nje kulikuwa na joto na harufu ya lami. Sikwenda upande wa Ndia Kuu. Nilishika kando ya reli, kwanza pole pole kama mtu anayekwenda kunawa mikono, kisha mwendo wa kawaida, nikapita mafundi wa reli waliokuwa wakinywa chai, nikawaamkia, wakaitikia. Mbele kidogo mwanamke mmoja wa kuuza mihogo aliniuliza kama nataka, nikasema nikirudi. Nikavuka daraja la Makupa, nikakiacha kisiwa. Ng'ambo ile sikuwa na jamaa, sikuwa na nguo ya kubadilisha, na ziwa sikujua liko mbali kiasi gani kwa miguu. Nikaendelea na njia, na kisiwani sikurudi tena.